Mazoezi ya nguvu kwa mwanajimnastiki mdogo: namna ya kujua kwamba yamezidi

Maswali ni yale yale kila msimu. Pushapu 100 kwa mtoto wa miaka 9 si nyingi? Wamepandishwa kamba mpaka viganja vimechubuka, ni kawaida hiyo? Binti yangu anarudi hoi, hata nywele hawezi kujifunga, niende nikaseme au ninyamaze?

Anayeuliza huwa anataka nambari moja, na nambari hiyo haipo. Pushapu 100 zilizotawanywa wiki nzima, kwa mtoto anayezipiga mwili ukiwa umenyooka na anayelala vya kutosha, si kitu. Pushapu 40 mwishoni mwa saa 3 za mazoezi, kwa mtoto aliyerefuka ghafla na ambaye kifundo cha mkono kimeanza kumuuma, zimezidi. Yanayopimwa ni mambo mawili: je, mkao wa zoezi unadumu mpaka mwisho wa seti, yaani fungu la marudio yanayofanywa bila kupumzika? Na je, mwili umesharudi katika hali yake kabla ya kipindi kinachofuata? Mengine yote hapa chini ni njia za kuyapima hayo mawili bila kubahatisha.

Nimeandika kwa ajili ya mzazi na kocha msaidizi. Ninaposema mazoezi ya nguvu nina maana ya kujivuta kwenye chuma, kupanda kamba, pushapu, kuinua miguu ukiwa umening'inia, plenki (kujishikilia kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu), skwati za kuruka (kuchuchumaa kisha kuruka), kusimama kwa mikono ukutani na kushuka na kupanda, pamoja na kunyoosha viungo ambako huwekwa mwishoni.

Nadharia ni hii tu. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu la ukuaji, sehemu ambako mfupa unarefukia. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoushikilia. Mtu mzima akizidisha mazoezi, msuli au kano hulalamika kwanza. Mtoto akizidisha, huenda kinachoumia ni pale anapokulia. Ndiyo maana huwezi kuchukua programu ya mtu mzima ukaigawa nusu ukadhani umemaliza kazi.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Daftari dogo, au ukurasa kwenye simu, la huyu mtoto peke yake.
- Ratiba kamili ya wiki, pamoja na michezo ya shuleni na madarasa ya densi kama yapo.
- Futi ya kupimia, na ukuta mmoja utakaoutumia kila mara.
- Wiki 2 za kuandika tu bila kubadilisha chochote. Usipojua kawaida yake, hutajua lini amevuka.
- Ruhusa ya mtoto mwenyewe. Mwambie unaandika nini na kwa nini. Akidhani unamchunguza ili umtoe kwenye timu, atakudanganya, na daftari lote litakuwa la uongo.

Hatua ya 1: Hesabu saa zote za wiki

Jumlisha saa za jimnastiki za wiki nzima, kisha linganisha na umri wake. Madaktari wengi wa michezo ya watoto hutumia kipimo chepesi: saa za mchezo uliopangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mwenye miaka 10, saa 10.

Najua utakachosema. Kwenye jimnastiki ya mashindano kipimo hicho huvunjwa kila mahali, na wa miaka 10 wanaofanya saa 16 ni wengi tu. Kweli. Kuvuka hakumaanishi kwamba ataumia kesho. Kunamaanisha kwamba hatua zinazofuata hazina mzaha kwako, na kwamba kila dakika ya mazoezi ya nguvu inayoongezwa lazima iwe na sababu.

Hatua ya 2: Hesabu kazi ya mikono na kazi ya kutua

Hapa ndipo wengi hupotea. Kocha husema, “Leo tumefanya mazoezi ya nguvu dakika 20 tu,” na ni kweli. Lakini kabla ya hizo dakika 20 mtoto amepiga magurudumu (kujizungusha kwa ubavu juu ya mikono), amesimama kwa mikono, ameruka farasi (kifaa cha kurukia kwa kukisukuma kwa mikono), amejipindua kwenye boriti (mti mwembamba wa kutembelea juu). Kifundo cha mkono hakijui kipi kilikuwa ufundi na kipi kilikuwa nguvu. Kinajua kimebebeshwa mwili mzima, na wakati wa kugonga sakafu au farasi kimebebeshwa zaidi ya uzito wa mwili.

Kwa kipindi kimoja tu, kaa pembeni uhesabu: mara ngapi mwili wote umekuwa juu ya mikono, na mara ngapi ametua kutoka juu. Si lazima uhesabu kila siku, kwa sababu mara moja inatosha kukupa picha. Kisha angalia mazoezi ya nguvu ya siku hiyo yalikuwa yapi. Siku ya farasi na sakafu ikimalizwa kwa pushapu na kutembea kwa mikono, mzigo umewekwa juu ya mzigo. Siku hiyo ingefaa kujivuta, kuinua miguu na tumbo. Vivyo hivyo skwati za kuruka: hazikai siku ya kutua kwingi, na hazifanywi juu ya saruji wakati magodoro yapo pembeni yameegemezwa ukutani.

Hatua ya 3: Pima ugumu, usipime muda peke yake

Kama nusu saa baada ya kipindi kwisha, muulize: “Leo ilikuwa ngumu kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 10?” Sifuri ni kama hakufanya kitu, 10 ni mwisho wa uwezo wake. Zidisha jibu lake kwa dakika za kipindi. Hiyo ndiyo alama ya mzigo. Njia hii inatumika sana kwenye michezo mingi, na mtoto wa miaka 8 au 9 huielewa baada ya siku chache.

Tuchukue mtoto anayefanya vipindi 4 vya dakika 180. Wiki ya kwanza anataja 5, 6, 5 na 7:

900 + 1,080 + 900 + 1,260 = 4,140

Wiki inayofuata kocha ameongeza mzunguko wa nguvu kwa sababu mashindano yanakaribia. Saa ni zile zile 12. Mtoto anataja 7, 8, 7 na 8:

1,260 + 1,440 + 1,260 + 1,440 = 5,400

Ratiba iliyobandikwa ukutani haijabadilika hata dakika, lakini mzigo umepanda kwa takriban asilimia 30 ndani ya wiki moja. Mzazi anayehesabu saa hataona kitu. Makocha wengi hujiwekea kikomo cha asilimia 10 kwa wiki. Usiichukue asilimia hiyo kama sheria ya maumbile, ila ni breki nzuri. Ukiona asilimia 30, wiki inayofuata irudi chini, isiendelee kupanda.

Onyo: usimbishie alama yake. Akisema 9 na wewe uliona mteremko, andika 9. Huenda hakulala, huenda ana mafua, huenda amegombana na rafiki yake. Mwili unabeba yote hayo pamoja.

Hatua ya 4: Seti iishe mkao unapovunjika

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haihitaji daftari.

Chukua zoezi la kulala chali, mabega na miguu vikiwa juu kidogo, mgongo wa chini umegandamana na sakafu. Piga magoti pembeni ya mtoto, jaribu kupitisha vidole vyako chini ya kiuno chake. Visipopita, anafanya kazi inayotakiwa. Vikianza kupita, tumbo limechoka na mgongo umechukua zamu. Seti imekwisha hapo hapo, hata kama saa inasema zimebaki sekunde 20. Zile sekunde 20 hazijengi tumbo. Zinaubana mgongo wa chini, sehemu ambayo tayari inakunjwa kinyumenyume kutwa nzima.

Mazoezi mengine nayo yana dalili zake:

- Pushapu: kiuno kinashuka kabla ya kifua, au kichwa kinatangulia.
- Kujivuta: kidevu kinanyooshwa kukifuata chuma, miguu inapiga teke.
- Kuinua miguu: mtoto anabembea ili apate kasi.
- Kusimama kwa mikono ukutani: mabega yanazama, mgongo unakuwa upinde.
- Skwati za kuruka: magoti yanaingia ndani wakati wa kutua, na unasikia kishindo. Kutua kuzuri hakuna kelele.

Kwa kuanzia, seti 1 mpaka 3 za marudio 6 mpaka 15 zinamtosha mtoto, tena mara 2 au 3 kwa wiki kwa kundi moja la misuli, na siku zisifuatane. Kama klabu inafanya nguvu kila siku, basi zipishane: leo kuvuta, kesho miguu. Akimaliza 15 bila mkao kuvunjika, fanya zoezi liwe gumu kidogo: ashuke polepole kwa kuhesabu mpaka 4, au anyooshe miguu aliyokuwa ameikunja. Kuongeza marudio mpaka 50 ni uvivu wa kupanga, wala si ukali wa kocha.

Hatua ya 5: Linda siku ya kupumzika

Angalau siku 1 kwa wiki bila jimnastiki kabisa, na 2 ni bora. Siku ya kupumzika yenye “kunyoosha kidogo na plenki tatu nyumbani” si siku ya kupumzika. Kuogelea kwa raha, kuendesha baiskeli, kucheza na wenzake, ruksa.

Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao, American Academy of Pediatrics, wanapendekeza pia jumla ya miezi 3 kwa mwaka nje ya mchezo mmoja, ikigawanywa mwezi mmoja mmoja. Klabu chache zitakubali. Lakini kati ya miezi 3 na siku sifuri kuna nafasi kubwa: wiki 2 baada ya msimu kwisha, wiki nyingine katikati ya mwaka. Anza na hizo.

Hatua ya 6: Mpime urefu kila mwezi

Visigino ukutani, bila viatu, asubuhi. Andika. Linganisha na kipimo cha miezi 3 iliyopita, maana cha mwezi mmoja hupotoshwa na makosa madogo ya futi. Kabla ya balehe mtoto hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akipata zaidi ya 2 ndani ya miezi 3, ameingia kwenye kipindi cha kurefuka haraka. Kwa wasichana wengi huja karibu na miaka 11 au 12, kwa wavulana 13 au 14, na kwa wanajimnastiki huweza kuchelewa kidogo.

Katika kipindi hicho mifupa hutangulia, misuli hufuata nyuma. Mtoto anakuwa mgumu, anakosa mizani, ufundi aliokuwa nao unapotea. Kosa linalofanyika karibu kila mara ni kudhani amekuwa mvivu au amenenepa, kisha anaongezewa mazoezi ya nguvu na msamba (kutanua miguu mpaka sakafuni). Fanya kinyume: punguza kuruka na kutua, punguza uzito juu ya mikono, acha kazi ya tumbo na mabega iendelee kwa upole. Baada ya miezi kadhaa ufundi hurudi.

Hatua ya 7: Usingizi na chakula

Kwa umri wa miaka 6 mpaka 12 ni saa 9 mpaka 12 za usingizi kwa siku. Miaka 13 mpaka 18 ni saa 8 mpaka 10. Kama mazoezi yanaisha usiku na shule inaanza alfajiri, fanya hesabu hiyo kwanza kabla hujauliza swali lingine lolote. Mara nyingi jibu liko hapo.

Chakula kiongezeke mazoezi yanapoongezeka. Mtoto anayefanya kazi kubwa akiwa na njaa hajengi nguvu. Mwili unaanza kubana matumizi, na mifupa ni kati ya vya kwanza kunyimwa. Hakuna kocha anayestahili kumpima mtoto uzito mbele ya wenzake.

Hatua ya 8: Zungumza na kocha ukiwa na daftari

Usiende ukiwa na hasira, na usiende katikati ya mazoezi. Kitu kama hiki kinatosha: “Kocha, samahani, nilikuwa naomba dakika 5 baadaye. Nimekuwa nikiandika jinsi anavyojisikia, naona wiki hizi 2 amepanda sana na kifundo kinamuuma. Unaonaje tukipunguza kazi ya mikono kwa muda?” Kocha mzuri atavuta kiti atazame namba zako. Akikujibu kwamba wazazi wakae nje na wasiulize, na hilo nalo ni jibu.

Makosa ya kuepuka

*Mazoezi ya nguvu kama adhabu.* Ameanguka kwenye boriti, piga pushapu 50. Mzigo huo haukupangwa, unampata akiwa amechoka, na unamfundisha kuficha makosa na maumivu. Hili sina nafasi ya kulijadili, liondoke.

*Kumkalia mtoto kwenye msamba.* Kunyoosha kunakomtoa machozi hakumwongezei chochote ambacho kunyoosha kwa subira kusingempa. Ripoti ya Whyte iliyotolewa mwaka 2022 kuhusu jimnastiki ya Uingereza ilieleza watoto walionyooshwa kupita kiasi mpaka wakataabika, na wengine kunyimwa chakula, maji na ruhusa ya kwenda chooni. Yalikuwa yakifanyika kwenye klabu zenye makocha waliosomea kazi hiyo, kwa hiyo cheti cha ukutani kisikuzuie kutazama.

*Programu ya pili nyumbani.* Mzazi anaona mwanawe amepitwa, anapakua programu ya mtandaoni, wanafanya usiku. Kocha hajui. Sasa hakuna hata mmoja anayejua mzigo kamili.

*Haraka.* Tangu 1997 msichana haruhusiwi kushindana ngazi ya juu ya kimataifa ya wakubwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Na Oksana Chusovitina, mwanajimnastiki wa Uzbekistan, aliruka farasi kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 46, Olimpiki yake ya 8. Wa miaka 9 ana muda.

Mambo yakienda kombo

*Anaumwa, sijui ni misuli au ni mfupa.* Mwambie akuonyeshe panapouma. Akipitisha kiganja chote kwenye paja, pande zote mbili, siku 1 mpaka 3 baada ya mazoezi mapya, huo ni uchovu wa misuli na utapita. Akigusa kwa kidole kimoja sehemu moja, hasa juu ya mfupa na upande mmoja tu, simamisha zoezi linalogusa hapo. Maumivu ya namna hiyo yakidumu zaidi ya wiki moja, au yakimwamsha usiku, au yakimfanya achechemee, ni kwa daktari.

*Kifundo cha mkono kinauma akijisukuma kwa mikono.* Gegedu la ukuaji la kifundo ndilo la kushukiwa kwanza kwenye mchezo huu. Usikifunge bandeji tu aendelee. Aache uzito juu ya mikono, aonwe na daktari. Bandeji huficha maumivu, haiondoi mzigo.

*Mgongo wa chini unauma akijipinda nyuma.* Hili usilichezee hata siku 3. Huweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Kujipinda nyuma kusimame mpaka apimwe.

*Kisigino kinauma akikimbia, au chini ya goti kumetokea uvimbe mgumu.* Ni mambo ya kawaida kwa watoto wanaorefuka. Kwa kawaida huisha ukuaji ukitulia, lakini yanataka kuruka kupunguzwe. Kuyavumilia huyarefusha.

*Mkojo umekuwa wa kahawia iliyokoza baada ya mazoezi makali, misuli imevimba na inauma vibaya.* Hospitali siku hiyo hiyo. Misuli inaweza kuwa imevunjika kiasi cha kuzidhuru figo. Hutokea zaidi pale watoto wanaporudi kutoka likizo wakapigishwa mamia ya marudio siku ya kwanza, au pale adhabu inapokosa kikomo.

*Hedhi imekatika miezi 3, au amefika 15 haijaanza.* Wapo makocha wanaosema ni kawaida ya mchezo. Si kawaida. Mara nyingi ni ishara kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mifupa inalipa. Aonwe na daktari.

*Hakuna panapouma, lakini amekuwa mkali, hana hamu, alama zake zimekuwa 8 na 9 kwa mazoezi ya siku zote.* Kata mazoezi ya nguvu kwa nusu kwa wiki 2, ufundi mwepesi uendelee. Akichangamka, umepata jibu lako. Asipochangamka, tazama usingizi, chakula, na kwa utaratibu muulize kuhusu watu walio pale ukumbini. Kuna watoto wanaochoshwa na mtu, si na zoezi.

*Daktari amemruhusu kurudi, kocha anataka aanze alipoachia.* Aanze na nusu ya marudio ya zamani, bila kuruka na bila uzito kamili juu ya mikono wiki ya kwanza. Asubuhi inayofuata muulize panapouma kabla hajatoka kitandani. Pakiwa kimya, ongeza kidogo wiki inayofuata. Pakisema, rudi hatua moja nyuma, na andika tarehe.